Binti akizalia nyumbani: Msaada wa mama kijana na mwanawe unapatikana wapi?

Katika mtaa wowote wa Tanzania ni rahisi kumpata binti wa miaka 17, 18 au 20 anayelea mtoto mchanga akiwa bado kwa wazazi wake, kwa shangazi au kwenye chumba cha kupanga. Baba wa mtoto ameikataa mimba, amehama mji, au anakuja mara moja moja na pakiti ya nepi. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 kiwango hicho kilikuwa asilimia 27. Kimeshuka, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano.

Mabinti hawa hupata majina mengi: wamezalia nyumbani, singo maza, "wameharibikiwa". Wanachokipata kwa uchache ni maelezo ya kueleweka kuhusu haki zao na za watoto wao. Wengi hawajui kwamba matunzo ya mtoto yanaweza kudaiwa hata kama hakukuwa na ndoa. Wengine hawajui kuwa mlango wa shule haujafungwa, au kwamba kuna ofisi serikalini ambayo kazi yake ni kuwasikiliza. Makala hii inaeleza sheria na huduma zilizopo Tanzania Bara, zinavyofanya kazi, na mahali ambapo bado zinapwaya.

Matunzo ni haki ya mtoto

Watu wengi huamini kwamba mwanamke ambaye hakuolewa hana cha kumdai mwanamume. Imani hii ina mizizi katika sheria ya zamani. Kwa miaka mingi, matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yaliongozwa na sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, ambayo iliweka kiwango cha juu cha shilingi 100 kwa mwezi. Fedha hiyo ilikuja kufikia mahali haikutosha hata nauli ya kwenda mahakamani kuidai.

Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hii inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18, na haiulizi kama wazazi wake walifunga ndoa. Inasema mzazi ana wajibu wa kumtunza mtoto wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza na kupumzika. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kwa hiyo mama anapokwenda kudai matunzo, anakwenda kwa niaba ya mtoto. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu baadhi ya akina baba hujitetea kwa kusema "sisi tulishaachana" au "alinikosea". Ugomvi wa wakubwa haufuti haki ya mtoto. Vilevile, mama hawezi kuisamehe haki hiyo kana kwamba ni deni lake binafsi.

Hakuna kiwango kimoja cha matunzo kilichoandikwa katika sheria. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, hali inayoweza kupunguza uwezo wa mmoja wao wa kujipatia kipato, majukumu waliyonayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha za eneo mtoto anapoishi. Dereva wa bodaboda hatapangiwa kiasi sawa na mfanyakazi wa benki, lakini hawezi kuambiwa hana wajibu kwa sababu tu kipato chake ni kidogo. Kwa kawaida amri ya matunzo hudumu hadi mtoto afikishe miaka 18, na mahakama inaweza kuiendeleza kama bado yuko masomoni.

Akikana, inathibitishwaje?

Swali linalowatisha mabinti wengi ni hili: "Akisema mtoto si wake, nitafanyaje?" Sheria imeliona tatizo hilo. Mama anaweza kuomba mahakama itamke nani ni mzazi wa mtoto, na maombi hayo yanaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Ushahidi unaoweza kuzingatiwa ni pamoja na jina la mzazi kuandikwa kwenye rejista ya vizazi, baba kushiriki sherehe za kimila za mtoto, baba kukiri hadharani kwamba mtoto ni wake, au kukataa kwake kupimwa. Kuna pia kipimo cha vinasaba, yaani DNA.

Hapa nchini kipimo hicho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hawezi kwenda tu mwenyewe na mtoto mgongoni akaomba apimwe. Maombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama vile mahakama au afisa ustawi wa jamii. Ndiyo maana anayetaka kipimo huanza kwa afisa huyo.

Kwa upande wa mama, ni busara kutunza kumbukumbu tangu mwanzo. Jumbe za simu ambamo mwanamume anakiri mimba, taarifa za miamala aliyotuma kwa ajili ya kliniki, picha za siku alipokuja na ndugu zake kumwona mtoto, majina ya watu waliokuwapo: vyote hivi vinaweza kusaidia. Simu zinapotea na namba zinabadilishwa, kwa hiyo ni vizuri kuwa na nakala mahali pengine. Kadiri miezi inavyopita, ushahidi unapungua na mwanamume anakuwa mgumu kupatikana.

"Tulimalizana kifamilia"

Mara nyingi kesi haifiki popote. Wazee wa pande mbili hukaa, mwanamume hutozwa faini, fedha au ng'ombe hupokelewa na baba wa msichana, na suala linahesabika kuwa limekwisha. Miezi sita baadaye mtoto anaumwa, binti anapiga simu na kujibiwa kwamba "tulishamalizana". Faini ile ilifuta aibu ya ukoo. Mtoto hakupangiwa chochote.

Makubaliano ya kifamilia kuhusu matunzo si mabaya, na mara nyingi ni ya haraka na hayana gharama. Lakini yanapaswa kumtaja mtoto: kiasi gani, kila lini, kwa njia ipi, nani atalipa akiugua, na mabadiliko yatafanywaje atakapoanza shule. Ni vyema yaandikwe na kusainiwa mbele ya afisa ustawi wa jamii, ambaye atakuwa na nakala.

Jambo jingine haliwezi kumalizwa nyumbani kabisa. Kama binti alikuwa chini ya miaka 18, kufanya naye ngono ni kosa la ubakaji kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu kama ilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, hata kama yeye mwenyewe anasema alikubali. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, nayo inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mzazi anayepokea fedha ili kesi ife anajiweka naye kwenye hatari ya kushitakiwa.

Ni lazima kusema wazi kwamba hapa familia nyingi hukwama. Baba wa mtoto akifungwa, hatakuwa na kipato cha kutoa matunzo. Kwa sababu hiyo baadhi ya mabinti humficha, hutaja jina la mtu asiyekuwepo, au hukataa kutoa ushahidi mahakamani. Hofu yao ina msingi, lakini ukimya una gharama yake pia: mwanamume yule yule huendelea kwa msichana mwingine, na aliyefichwa mara nyingi haleti hayo matunzo yaliyotarajiwa. Binti aliye katika hali hii anahitaji mtu wa kumweleza kwa utulivu kinachofuata baada ya kila uamuzi, kabla ya kusukumwa na ndugu wa upande wowote.

Aanzie wapi?

Njia ya kawaida huanza serikali ya mtaa au ya kijiji. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji anaweza kusikiliza na kutoa barua ya kumtambulisha mama kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Afisa huyo humwita mwanamume kwa barua ya wito, husikiliza pande zote, na kujaribu kupata makubaliano. Wengi hukubali katika hatua hii, kwa kuwa hawapendi jambo lifike mbele zaidi.

Asipokuja, au akija na kukaidi, shauri hupelekwa Mahakama ya Watoto. Katika maeneo mengi mahakama hii haina jengo lake. Hukaa ndani ya mahakama za kawaida, lakini mashauri yake husikilizwa faragha, bila umati. Mama si mtu pekee anayeweza kuomba amri ya matunzo. Mlezi, ndugu au afisa ustawi wa jamii anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto.

Ikiwa kuna ukatili, vitisho au umri mdogo, mahali pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kuna pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Mama aliye chini ya miaka 18 naye ni mtoto kisheria, kwa hiyo huduma hiyo ni yake pia.

Wakili si lazima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi na hutoa huduma bila malipo. Asasi kama WLAC na TAWLA zimekuwa zikiwasaidia wanawake katika mashauri ya matunzo kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2023 kampeni ya serikali ya msaada wa kisheria imekuwa ikizunguka mikoani.

Upande wa Zanzibar una sheria zake. Kule, sheria ya mwaka 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa akipata mimba afungwe gerezani. Mwaka 2005 ilibadilishwa na sheria ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja, na mwaka 2011 Zanzibar ikatunga Sheria yake ya Mtoto. Msomaji wa Unguja au Pemba ataanzia kwa sheheha wake au ofisi za ustawi wa jamii za huko.

Kliniki bila mwenza, cheti bila mabishano

Safari ya mama kijana huanza kuwa ngumu siku ya kwanza ya kliniki. Katika vituo vingi mjamzito hutakiwa aje na mwenza ili wote wawili wapimwe VVU na kupewa ushauri. Lengo ni zuri. Kwa binti ambaye mwenza wake amekimbia, sharti hilo humfanya achelewe au asiende kabisa. Vituo vingine humtuma kwanza serikali ya mtaa kuchukua barua ya kueleza kwamba hana mwenza, na wapo wanaolipa mtu asiye baba wa mtoto ili awasindikize. Hakuna haja ya kufika huko. Mama ana haki ya kuhudumiwa akiwa peke yake, na akikataliwa aombe kuonana na mganga mfawidhi.

Kuwahi kliniki kuna maana zaidi kwa msichana mdogo. Mwili ambao haujakomaa uko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na uchungu pingamizi, ambao usiposhughulikiwa mapema unaweza kusababisha fistula au kifo. Sera ya afya inasema huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya umma. Hata hivyo wengi huombwa kununua vifaa vya kujifungulia, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema kipi kinapatikana kituoni na kuanza kuweka akiba kidogo kidogo.

Mtoto akizaliwa, apate cheti. Sheria ya Mtoto inampa haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake. Mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano unaosimamiwa na RITA, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umesogeza usajili hadi vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Kuna akina mama wanaosubiri miaka baba "ajirudi" ndipo wamsajili mtoto. Kusubiri huko humwumiza mtoto, kwani baadaye cheti kitatakiwa shuleni na kwenye bima, na usajili uliochelewa una mlolongo mrefu zaidi. Mama aeleze hali ilivyo kwa msajili, asiandikishe jina la mwanamume asiyehusika ili tu nafasi isibaki wazi.

Kuhusu nani akae na mtoto, sheria inachukulia kwamba ni vyema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa kuwa hali hiyo inamdhuru. Kwa hiyo vitisho vya "nitakuja kumchukua mwanangu" kila matunzo yanapodaiwa visimnyamazishe mama.

Shule: mlango ulifunguliwa mwaka 2021

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba waliozaa hawatarudi katika shule za serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kuondolewa kwa kizuizi hicho. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurejea, na muda uliowekwa ni ndani ya miaka miwili.

Muda huo ndio wa kuangalia kwa makini. Mtoto akinyonya mwaka mzima, kisha binti akae mwaka mwingine akisubiri fedha za sare, miaka miwili imepita. Familia inashauriwa kwenda mapema kwa mkuu wa shule au afisa elimu kata, hata kabla binti hajawa tayari kurudi, ili taarifa zake zijulikane. Asiyependa kurudi alikosoma kwa kuogopa kuzomewa anaweza kuomba uhamisho.

Waliochelewa nao wana njia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo katika mikoa, ambako mtu husoma sekondari kwa njia mbadala kwa muda mfupi zaidi, na mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, umewalipia wasichana wengi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini, hutoa masomo ya sekondari pamoja na ufundi kama ushonaji, upishi, umeme na kilimo. Kupitia mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, vyuo hivyo vimewapokea mabinti walioacha shule, wakiwemo wenye watoto, na baadhi vimetenga mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Sehemu hiyo ya malezi ndiyo huamua kama binti atamaliza kozi au ataishia wiki ya tatu.

Nani abaki na mtoto?

Swali hili ndilo linalozunguka kila jambo jingine. Binti anaweza kupata nafasi ya shule, kazi ya saluni au genge la mboga, akakosa mtu wa kumwachia mtoto. Katika familia nyingi jibu ni bibi. Lakini bibi wa leo mara nyingi ana miaka 40 na ushee, naye anatafuta. Wengine huacha mtoto kwa jirani anayelea watoto kumi katika chumba kimoja, au na mdogo wa mama mwenye miaka minane.

Sheria inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo inayovifahamu vilivyo halali. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inahimiza pia vituo vya malezi vinavyoendeshwa na jamii yenyewe. Mahali ambapo havipo, baadhi ya akina mama hupeana zamu: wanne wanafanya biashara, wa tano anabaki na watoto, kesho wanabadilishana. Kabla ya kumwachia mtu mtoto, mama aangalie mambo machache: idadi ya watoto kwa mlezi mmoja, choo na maji, mahali pa kupikia palivyozibwa, na kama mlango uko wazi kwa mzazi kuja wakati wowote bila taarifa.

Mtoto mchanga ahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji wala uji. Mama anayelazimika kutoka anaweza kukamua maziwa kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Baada ya miezi sita uji uwe mzito na uongezewe karanga, maziwa au dagaa waliosagwa, huku kunyonya kukiendelea hadi miaka miwili. Haya huleta ubishi nyumbani, kwani bibi huwa na njia zake za kutuliza mtoto anayelia. Binti aende naye kliniki siku moja ili wote wasikie maelezo kutoka mdomo mmoja.

Kipato: fursa na masharti yake

Mama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ya kazi. Haki hizo ziko katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Tatizo ni kwamba mama kijana wa kawaida anafanya kazi za ndani, baa, mama lishe au vibarua, na wengi hawana mkataba wa maandishi wa kuonyesha.

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, na ikarejea mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na maombi hupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kukopa, na kikundi kisicho na biashara inayoeleweka hukataliwa. Kwa hiyo mama aanze na kikundi cha kuweka na kukopa, kikoba, ajenge nidhamu ya hesabu na watu wa kumdhamini, kisha waombe pamoja.

TASAF, kupitia mpango wa kunusuru kaya masikini, hutoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa na jamii yenyewe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na sehemu ya ruzuku huambatana na sharti la watoto kupelekwa kliniki. Hapa kuna pengo. Anayeandikishwa ni kaya, na binti anayelea mwanawe ndani ya nyumba ya wazazi hahesabiwi kama kaya. Fedha zikija, zinaingia kwenye mahitaji ya nyumba nzima. Jambo la kufanya ni kuhakikisha jina la mtoto limeongezwa kwenye orodha ya kaya hiyo.

Moyo wa mama

Kuna mabinti ambao baada ya kujifungua hawalali, hawali, hulia bila sababu, au humtazama mtoto bila kuhisi kitu. Nyumbani husemwa anadeka au amerogwa. Huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaotibika, na upweke na masimango huongeza hatari yake. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, aende kituo cha afya. Akitamka kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja.

Jambo jingine linalosemwa kwa haya ni mimba ya pili. Mama anayeahidiwa ndoa na mwanamume mpya, au anayemtegemea mtu kwa kodi ya chumba, anaweza kujikuta mjamzito tena kabla mtoto wa kwanza hajatembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine. Njia za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya umma, na zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha. Kumwambia binti "ukome" hakumkingi na chochote.

Kinachoweza kufanywa na walio karibu

Baba anayemfukuza binti mwenye mimba huamini anawafundisha wadogo zake. Kinachotokea ni kwamba binti anahamia kwa mtu wa kwanza atakayempa pa kulala, na masharti ya mtu huyo hayamzingatii mtoto. Familia inayomweka nyumbani haitakiwi kufurahia kilichotokea. Inatakiwa kumpa godoro, kumsindikiza kliniki, na kukaa naye kupanga mwaka ujao.

Familia ya mwanamume nayo ina nafasi. Mara nyingi shangazi au mama wa kijana humtambua mjukuu kabla kijana mwenyewe hajakubali, na msaada huanzia hapo. Kijana wa miaka 19 asiye na kazi anaweza kuleta kidogo, kubeba mtoto kwenda kliniki na kuwa na jina kwenye cheti. Baba anayejulikana ana thamani kwa mtoto hata akiwa hana fedha.

Kwa mama kijana anayesoma au kusomewa makala hii, jambo la kwanza linaloweza kufanyika wiki hii ni dogo: chukua kadi ya kliniki ya mtoto, na cheti chake cha kuzaliwa kama kipo, uende ofisi ya mtendaji wa kata na uulize afisa ustawi wa jamii anapatikana siku gani. Kama unaogopa kwenda peke yako, mwombe mama mdogo, dada au jirani akusindikize. Ofisi hiyo huhudumia bila malipo, na hakuna anayepaswa kukuuliza kwanza kwa nini hukuolewa.